Namba ya Asubuhi

Mimi ni fundi cherehani, nguo za kike, hapa Tanga mitaa ya Ngamiani. Fundi anajua miili ya watu kuliko wenyewe wanavyodhani. Nina daftari la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, tarehe. Mteja akirudi baada ya mwaka nampima upya. Kiuno kikiwa kimeongezeka inchi tatu naandika kimya kimya, nakata kitambaa, hakuna aliyesema neno. Nani anataka kusomewa kiuno chake mbele ya watu? Mwili wangu mwenyewe haukuwamo kwenye daftari hilo. Nilikuwa navaa madera, na dera halina ugomvi na mtu.

Kilichonipandisha kwenye mizani ni presha. Walinipima mara ya kwanza, wakaniita tena wiki iliyofuata, ikasoma 152 kwa 96. Daktari alikuwa kijana tu, rika la mwanangu wa kwanza. Akanipima uzito, kilo 92.4, na urefu, sentimita 158, akaniandikia kidonge kimoja, kisha akasema: "Mama, sikwambii uwe mwembamba. Punguza asilimia tano mpaka kumi ya uzito huu, halafu tuone presha itasemaje." Nikapiga hesabu palepale kwenye benchi. Asilimia tano ni kilo nne na nusu na kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa thelathini. Halafu akaongeza: nijipime mwenyewe nyumbani, kila asubuhi, na niandike.

Hilo la kila asubuhi lilinishinda kulielewa. Kupima uzito kwangu mimi kulikuwa jambo la barabarani. Karibu na stendi wapo vijana wenye zile mashine za kupima uzito na urefu, zenye spika inayorudia maneno yaleyale kutwa nzima, karibu upime, ujue afya yako. Nilipita pale siku moja kabla ya habari ya presha, nikapanda kwa utani na shoga yangu. Ilikuwa saa tisa alasiri, tumbo lina wali na maharage, nimevaa baibui, viatu, na begani nina mkoba wenye mkasi mkubwa wa kukatia. Kijana akainama, akasoma, akatangaza kwa sauti ya kondakta wa daladala: "Mama, tisini na sita!" Watu wawili waliokuwa wanakunywa kahawa wakageuka. Nikacheka pamoja nao, nikalipa, na nikaapa sitapanda tena mizani ya mtu.

Nasimulia hili kwa sababu wengi wetu tunapima hivyo: mara moja moja, kwa bahati, na nguo zote mwilini, halafu namba moja tunaibeba moyoni mwaka mzima. Mimi 96 ile ilinikaa. Nilipoambiwa 92.4 kliniki nilidhani nimeshapungua!

Basi nikanunua mizani ya kidijitali, ile ya kioo, bei yake haikufika ujira wa gauni moja la harusi. Siku ya kwanza niliiweka juu ya zulia, ikanipa namba. Nikaihamishia kwenye sakafu ya saruji, ikanipa nyingine. Fundi akiona futi mbili zinatofautiana lazima atafute ipi inasema kweli. Nikachukua dumu la maji, nikalipima tupu, kisha nikalijaza kwa jagi la lita moja, majagi ishirini kwa hesabu, kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja. Kwenye saruji mizani iliongeza kilo ishirini kamili. Kwenye zulia ilikosea, tena kila mara kivyake. Tangu siku hiyo mizani ina mahali pake, pembeni ya mlango wa chumba, na mtu haruhusiwi kuisogeza akifagia. Dumu naliweka tena kila nikibadilisha betri.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Nikishaamka na kutoka msalani, kabla ya chai, kabla hata ya maji, nimejifunga khanga moja, ileile kila siku. Napanda, nasoma, naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la wateja, nashuka.

Wiki ya kwanza nilishuka kilo mbili na robo, nikawa napiga simu kwa ndugu. Binti yangu anasoma uuguzi, yeye ndiye aliyenitoa kwenye mawingu. "Mama, mengi hapo ni maji." Akanieleza kwamba mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji yapata gramu tatu. Ukipunguza chapati, soda na ugali, akiba inaliwa kwanza na maji yake yanatoka. Mafuta hayaendi kwa kasi ile. Nilikasirika kidogo, maana nilishatangaza. Lakini maelezo hayo ndiyo yaliyoniokoa wiki chache baadaye.

Palikuwa na harusi ya jirani. Ijumaa kuoza, Jumamosi pilau, usiku kuna sambusa na soda, na mimi ndiye niliyeshona sare, kwa hiyo kila meza inaniita. Sikujizuia sana. Jumapili asubuhi mizani ikasema nimeongezeka kilo 1.8 tangu Ijumaa. Zamani ningeitupia kanga na kuisahau mwezi mzima. Safari hii nilikaa na kalamu. Binti alikuwa ameniambia kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kilo 1.8 basi ni karibu 14,000. Mwanamke kama mimi anatumia kama elfu mbili kwa siku, labda na kidogo. Ili niwe nimepata mafuta ya kilo 1.8 kwa siku mbili, ilinipasa nile chakula cha wiki nzima juu ya kile ambacho mwili ulishatumia. Nilikula, sikatai, lakini pilau la watu wale halikuwa jingi kiasi hicho. Kilichokuwamo mle ni chumvi, na chumvi inashika maji. Ni wanga uliojaza tena akiba. Na ni chakula chenyewe ambacho kilikuwa bado hakijatoka. Kufika Alhamisi, bila kufunga wala kujitesa, zaidi ya kilo moja ilikuwa imeondoka yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwa nini daktari alisema kila siku. Anayejipima mara moja kwa mwezi, siku yake ikiangukia Jumapili ya harusi, atalia bure. Ikiangukia siku aliyoharisha, atafurahi bure. Anayejipima kila siku, namba ya leo anawajua ndugu zake wote.

Na ndugu zake nikaanza kuwajua kwa majina. Nikila papa wa nazi usiku, na papa tunayemnunua sokoni amekaushwa na chumvi, kesho yake naongezeka nusu kilo mpaka kilo. Siku chache kabla ya hedhi napanda hata kama nimekula kuku wa kuchemsha na mchicha, kisha zikianza nashuka. Nikikaa kwenye mashine kutwa nzima kwenye joto la Januari, miguu inavimba na namba inapanda. Nikishinda siku mbili bila kwenda haja kubwa, vilevile. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo mafuta.

Kuondoa kelele hizo nafanya jambo ambalo kila mwenye simu anaweza. Mwisho wa wiki najumlisha namba saba, nagawanya kwa saba. Nimefungua wiki moja ya katikati ya mwaka, ilikuwa hivi: 88.4, 88.9, 88.1, 89.3, 88.6, 88.0, 88.3. Ukiitazama 89.3 ya siku ya nne peke yake utasema mambo yameharibika. Wastani wa wiki ni 88.5. Wiki iliyotangulia ulikuwa 88.9. Nilikuwa nashuka gramu mia nne, na usiku wa kuamkia siku ya nne kulikuwa na papa. Wastani huo ndio ninaouzungushia duara na kuuamini. Zile namba saba ni vipande vya kitambaa kabla havijaungwa.

Kitu kimoja kilinichekesha. Nilipima usiku kabla ya kulala, nikapima asubuhi kabla ya kwenda popote, nikakuta zaidi ya nusu kilo haipo. Sikutoa jasho la kuonekana, wala sikuamka usiku. Binti akanisimulia kuhusu tabibu mmoja wa Italia, Santorio wa Padua, zaidi ya miaka 400 iliyopita, aliyetengeneza kiti kilichoning'inia kwenye mizani akawa anajipima yeye, chakula chake na kila kilichotoka mwilini, kwa miaka ipatayo thelathini. Aligundua kwamba anachokula na kunywa ni kizito kuliko kinachotoka chooni, na tofauti inapotea bila kuonekana. Inapotea kwa pumzi na kwa ngozi: mvuke wa maji, na ile hewa ya ukaa tunayoitoa. Hata mafuta ya mwili yakishatumika, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Mimi nilikuwa nadhani yanatoka kwa jasho, na ndiyo maana watu wanafunga mifuko ya plastiki tumboni wakikimbia. Jasho lile ni maji. Ukinywa glasi mbili yamerudi.

Hapohapo niseme kuhusu chai za kupunguza tumbo, kwa kuwa wauzaji wake wanatembea na ushahidi wa mizani. Shoga yangu alitumia moja, akashuka kilo mbili kwa siku tatu, akaja kunionyesha. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki ndani, yale majani ya kuharisha, au majani ya jamaa yake, na kila bibi wa pwani anajua sanamaki kazi yake ni nini. Mizani haikumdanganya, alikuwa mwepesi kweli kwa kilo mbili. Ila alichopoteza kilikuwa maji na kilichomo matumboni. Alipoacha, kilo zilirudi zote, na siku zile tatu hakushona hata kola moja kwa kizunguzungu. Kama angekuwa anaandika kila siku angeliona hilo kwenye karatasi yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mizani haipunguzi mtu, hilo nalo lieleweke. Nilichobadilisha ni vitu vya kawaida: chapati mbili za asubuhi zikawa moja na yai, sukari ya chai kutoka vijiko vitatu mpaka kimoja, soda kwenye sherehe tu, mihogo ya kukaanga ya jioni ikawa ya Jumamosi. Baada ya sala ya alfajiri natembea mpaka njia ya Raskazoni na kurudi, maana kazi yetu ni ya kukaa. Kazi ya mizani ilikuwa kuniambia kama haya yanatosha. Wastani ukikaa palepale wiki tatu nne, najua kuna kitu kimerudi kinyemela. Mara nyingi ni kuonja. Anayepika anaonja, na kuonja kwa pilau la watu kumi na tano ni sahani.

Kuna kipindi wastani uligoma kabisa kwenye 86. Mwezi mzima. Mwili ukipungua unatumia nguvu kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo chakula kilekile kilichokushusha kinafika mahali kinakusimamisha tu. Nilikuwa karibu kukata tamaa, nikakumbuka nina futi shingoni. Nikajipima kiuno kama ninavyopima wateja, futi sawa pande zote, bila kuvuta tumbo ndani. Sentimita 101, na mwanzoni ilikuwa 108. Wataalamu wanasema kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kiuno kikipita sentimita 80 na kuwa kubwa kikipita 88, kwa hiyo sikuwa na la kujisifia, lakini saba zilikuwa zimekwenda. Nikaandika jina langu kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mbele sasa, kifua, kiuno, nyonga, na nikajipunguzia magauni mawili. Nikapunguza kidogo na ugali wa mchana. Wiki tatu baadaye wastani ukaanza kutembea tena.

Ramadhani ilinivuruga. Ukiamka daku huna asubuhi ya kawaida, na ukipima jioni kabla ya futari umekauka, namba inashuka kwa zaidi ya kilo kuliko inavyostahili. Nilichagua kupima nikiamka, kabla ya kugusa daku, na namba za mwezi ule niliziandika pembeni, sikuzichanganya na nyingine.

Watu je? Watu ndio mtihani kuliko chakula. Kwetu ukinenepa baada ya ndoa mume anasifiwa. Ukipungua unaulizwa unaumwa nini. Nilipofika 85 wateja walianza: "Fundi, mbona umekwisha?" Mwingine akaninong'oneza nikapime. Shangazi yangu alikuja kutoka Pangani na mtungi wa samli: "Mwanangu, mwili haujengwi kwa matofali." Sikubishana naye, nilipokea samli, shikamoo shangazi, ahsante. Namwelewa. Kizazi chake kilizika watu wengi waliokonda kwanza. Kuwa na daftari kulinisaidia hapo pia, maana kupungua gramu mia tatu mia nne kwa wiki, kwa sababu ninazozijua, si sawa na kupungua usikojua kwa nini. Huko kwa pili ndiko kwa kukimbilia hospitali.

Mizani hiyohiyo inatumiwa na mama yangu mzazi, anayekaa nami. Moyo wake hausukumi damu kama zamani. Kwake mambo ni kinyume na yangu. Mimi kilo mbili za siku tatu ni pilau na chumvi, yeye tumeambiwa akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu tusisubiri tarehe ya kliniki, maji yanajaa mwilini. Kila asubuhi anapanda ameshikilia kiti, anaachia mkono kidogo, anauliza: "Leo nina ngapi?" Mara moja namba ilipanda hivyo kabla miguu haijavimba sana, tukampeleka, wakamrekebishia dawa. Ndipo nilipoacha kusema namba ya siku moja haina maana. Inategemea imesimama miguuni pa nani.

Na kuna ambaye nilimfungia mizani kabatini kabisa. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo ya chuo, mwembamba tayari, akaanza kupanda asubuhi, mchana na usiku, na akiona imeongezeka robo hali chakula cha usiku. Sikumfokea. Niliiondoa, nikampigia dada yangu, na binti yangu akakaa naye wakazungumza. Kama namba inakufanya uogope sahani, mizani hiyo si yako, na daktari wa akili ana nafasi kuliko mtaalamu wa lishe. Wajawazito pia wafuate mizani ya kliniki yao, wasichukue hesabu zangu.

Sasa nipo kwenye 81, mwaka na zaidi tangu nianze. Kwa vipimo vya kliniki bado nahesabiwa mnene. Presha mara ya mwisho ilisoma 132 kwa 84, na kidonge bado nakunywa. Sijaacha na sitamshauri mtu aache kwa kusoma mizani ya nyumbani. Kazi ya sasa ni kutorudi, na nimeiona ngumu kuliko kushuka, kwa sababu hakuna anayekupongeza kwa kubaki palepale.

Binti alinisomea utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliongozwa na Rena Wing. Watu 314 waliokuwa wameshapungua walifuatiliwa mwaka mmoja na nusu. Waliofundishwa ana kwa ana kujipima kila siku na kuchukua hatua kwa rangi, asilimia 46 walirudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliotumiwa barua za maelezo tu, asilimia 72. Jambo nililolipenda ni kwamba hata waliofundishwa, karibu nusu waliteleza. Haikuwa dawa ya miujiza, ilikuwa afadhali. Rangi zao nimezichukua: kijani nikiwa sijaongezeka kilo 1.4 juu ya 81, njano nikipita hapo, nyekundu nikifika 2.3. Penseli za rangi ninazo, za kuchorea mitindo.

Wiki hii wastani ni 82.6, njano. Idi ilikuwa na biriani siku tatu na visheti vya kila nyumba, na safari hii tayari wiki mbili zimepita, kwa hiyo si maji peke yake. Chapati imerudi kuwa moja, visheti vilivyobaki nimewapelekea mafundi wenzangu, na alfajiri nimerudi barabarani. Mume wangu, ambaye hajawahi kupanda mizani hii hata kwa kusukumwa, alinikuta nachora akasema, "Mama watoto, chonga na ile nyekundu kabisa." Nimemwambia nitaichonga akipanda yeye kwanza. Bado anaifikiria.